Safari ya Mtoto wa Kiume Kabla ya Kuzaliwa

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mwandishi wa gazeti huyaandika bila kusita, na yako mengine yanayomfanya aiweke kalamu chini na kutazama nje ya dirisha. Nimekwisha kuandika habari za bei ya kahawa, za mnyauko wa migomba, na za tetemeko la ardhi lililotupiga Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, wala sikupata kukosa maneno. Lakini habari ya korodani ya mwanangu mwenyewe nimekaa nayo moyoni kwa muda mrefu. Leo naileta mbele yako, kwa kuwa aibu yangu nusura imdhuru mtoto ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mtoto huyo, wa pili kwetu, alizaliwa mjini Bukoba katika juma la 33 la ujauzito, yaani majuma saba kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo kiasi cha kukaa katika viganja vyangu viwili. Mama yake alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka alipopata uzito wa kuruhusiwa kutoka hospitalini. Ndipo tukakubaliana kwamba mama na mtoto wakapumzike kwa wazazi wangu huko Kamachumu, wilayani Muleba, mahali penye maziwa, matoke na mikono mingi ya kusaidia. Tukaondoka nyumbani kwetu Kashai asubuhi moja ya mvua, tukapita Kemondo, tukafika Muhutwe, kisha gari likaanza kuipanda milima, na mtoto amefunikwa blanketi hata pua haionekani.

Siku ya tatu mama yangu alikuwa akimwogesha mjukuu wake katika karai, uani, chini ya mgomba. Nilikuwa nimeketi kibarazani nikisoma. Aliniita kwa sauti ya chini, ambayo si kawaida yake.

“Mwanangu, hebu njoo utazame. Upande huu wa kushoto umo. Huu wa kulia ni mtupu.”

Nilitazama. Sikuona kitu, na kwa hakika sikujua natafuta nini. Mama alinishika mkono, akaniwekea vidole pale panapohusika, na hapo nikafahamu. Mfuko wa korodani upande wa kulia ulikuwa laini, bapa, kama mfuko wa shati usiotiwa kitu.

Kwa bahati mbaya shangazi yangu alikuwa amefika kutujulia hali, naye hakuna jambo la ukoo linalompita. Alimtazama mtoto, akamtazama mke wangu aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akauliza, “Mama mtoto, ulikula nini ulipokuwa na mimba hii?” Kabla hajajibiwa, alijijibu mwenyewe: senene. Zamani wanawake wa Kihaya waliwakusanya senene lakini mwiko uliwazuia kuwala, na kwa shangazi mwiko huo haujaisha. Mke wangu, aliyekulia mjini, huwala bila kificho na huwapenda kuliko mimi. Basi hukumu ikawa imekwisha kutolewa. Mwanamke amekula chakula cha wanaume, na uanaume wa mtoto umepungua kwa kiasi hicho.

Mke wangu hakusema neno. Aliendelea kumenya ndizi. Usiku ule, mtoto alipolala, aliniuliza, “Baba watoto, nawe unaamini hivyo?” Nilimjibu kwamba siamini. Lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye aliusikia ukimya ule. Nayakumbuka hayo kuliko maneno yote ya shangazi.

Tuliporudi mjini nilimpeleka mtoto katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja. Mhudumu aliyetupokea alimtazama kwa haraka na kusema kwamba jambo hilo ni dogo, tungoje mpaka mtoto aanze shule, na kama hali ingali vilevile ndipo tufikirie hospitali. Nilitoka pale nikiwa na furaha kubwa. Sasa natambua kwamba sikufurahi kwa ajili ya mtoto. Nilifurahi kwa sababu nilipewa ruhusa ya kutozungumza tena habari hiyo kwa miaka sita.

Aliyenitoa katika usingizi huo ni muuguzi mstaafu, jirani yetu wa Kashai, mama mtu mzima asiyeogopa mtu. Mke wangu alimweleza siri hiyo mtoto alipotimiza miezi kumi na mmoja. Jioni ileile alibisha hodi. “Baba,” aliniambia, “habari ya kungoja shule ni ya zamani. Siku hizi hatungoji. Kesho mpeleke kwa daktari, na wewe uende, usimtume mkeo.” Nikaenda.

Daktari yule alikuwa kijana, pengine wa umri wangu. Alimlaza mtoto, akaipasha mikono yake moto kwanza, akapapasa taratibu kuanzia kwenye kinena. “Ipo,” alisema. “Imekwama njiani.” Nilimwuliza njia gani. Alitabasamu, akaugeuza upande wa pili wa karatasi ya kalenda, akaanza kunichorea. Alinifundisha somo ambalo mimi, mwenye stashahada yangu na miaka yangu zaidi ya thelathini, sikuwahi kufundishwa.

Mambo huanza hivi. Yai la mama siku zote hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y, na hiyo ndiyo inayoamua. Kwa hiyo mwanamume anayemfukuza mkewe kwa kuzaa wasichana watupu amebisha mlango usio wake. Lakini kubeba Y peke yake hakumfanyi mtoto kuwa wa kiume. Katika majuma sita ya kwanza baada ya mimba kutungwa, hata ukitazama kwa darubini hutaona tofauti kati ya tezi za uzazi za kiinitete cha kike na za kile cha kiume. (Majuma ninayoyataja hapa ni tangu kutungwa kwa mimba, hesabu ya kadi ya kliniki hutangulia kwa majuma mawili hivi.) Kila kimoja kina tezi mbili karibu na mafigo, ambazo bado hazijachagua upande. Tena kila kimoja kina jozi mbili za mirija: moja yaweza kuwa njia za kupitishia mbegu za kiume, na nyingine yaweza kuwa mji wa mimba pamoja na mirija ya mayai. Naam, kila mwanamume, hata wale wababe tunaokutana nao katika vilabu vya Rwamishenye, aliwahi kuwa na mwanzo wa mji wa mimba tumboni mwake.

Karibu na juma la saba, jeni moja iliyomo katika kromosomu Y huamka. Wanasayansi wa London waliitambua mwaka 1990, wakaiita SRY. Amri yake ni moja tu: tezi hizi ziwe korodani. Baada ya hapo korodani zenyewe, zikiwa ndogo kuliko punje ya ulezi, ndizo zinazoshika usukani. Hufanya hivyo kwa kutoa homoni, yaani vichocheo ambavyo tezi za mwili huvitengeneza kwa kiasi kidogo mno ili vipeleke maagizo katika viungo vingine.

Homoni ya kwanza huja kubomoa. Huiendea ile jozi ya mirija ya kike, nayo hunyauka ndani ya majuma machache. Ya pili ni testosteroni, ambayo hutolewa kuanzia juma la nane hivi. Hiyo huihifadhi ile jozi nyingine ili iwe njia za mbegu. Hapa ndipo nilipostaajabu, kwani daktari alisema kwamba mwanzoni korodani huchochewa kufanya kazi hiyo na homoni inayotoka katika kondo la nyuma, homoni ileile ambayo kipimo cha mkojo huitafuta kumjulisha mwanamke kwamba ana mimba. Ubongo wa mtoto hupokea kazi hiyo baadaye, ukisha kukomaa kiasi.

Sehemu ya testosteroni hubadilishwa, ikisha kufika katika ngozi ya sehemu za siri, ikawa homoni yenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo inayoumba uume na mfuko wa korodani, kazi inayofanyika hasa katika mwezi wa tatu wa mimba. Kingo mbili za ngozi, ambazo kwa mtoto wa kike hubaki wazi zikawa midomo ya uke, kwa mtoto wa kiume husogeleana na kushonana. Msomaji mwanamume ana ushahidi wake mwilini: ule mstari unaopita katikati ya mfuko wa korodani ni alama ya mshono huo. Nimeishi na mshono ule maisha yangu yote, nisijue ni mshono.

Aliyefumbua sehemu kubwa ya fumbo hili ni Mfaransa Alfred Jost, mwaka 1947. Aliwafanyia upasuaji vijusi vya sungura wakiwa wangali tumboni mwa mama zao, akaziondoa tezi zao za uzazi kabla hazijafanya kazi, kisha akaacha mimba ziendelee. Vijusi vyote vilikua na maumbile ya kike, hata vile vilivyotungwa viwe vya kiume. Alipotia testosteroni peke yake mahali pa korodani, njia za kiume zilihifadhika, walakini zile za kike hazikutoweka. Ndipo akatambua kwamba korodani hutoa kitu cha pili, tofauti na testosteroni, chenye kazi ya kuondoa.

Nilipomsimulia baba yangu mdogo habari za sungura hao, hakushangaa hata kidogo. Yeye ana ng'ombe wachache huko Muleba, na babu yake alikuwa nao kabla yake. “Hayo tunayajua,” alisema. “Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike usimweke ukitarajia ndama.” Nami nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba mwaka 1916 Mmarekani Frank Lillie, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza sababu yake. Makondo ya ng'ombe pacha aghalabu huungana, damu zao huchanganyika, na homoni za dume humfikia jike na kuziharibu njia zake za uzazi. Jike wa namna hiyo huwa tasa mara tisa katika kumi. Kwa binadamu, mapacha wa kike na wa kiume hawaunganishi damu kwa namna hiyo, kwa hiyo mama mwenye pacha asiwe na hofu. Basi wafugaji walikuwa na jibu kabla ya maprofesa, ila hawakuwa na karatasi.

Turudi kwa mwanangu. Baada ya umbo la nje kukamilika, safari haijaisha, maana korodani zingali juu, tumboni, mbali na mahali pake. Hushuka kwa hatua mbili, zikiongozwa na kamba ya nyama. Kwanza husogea mpaka karibu na kinena, kwa msaada wa homoni nyingine ambayo korodani hujitolea zenyewe. Kisha, kuanzia mwezi wa saba wa mimba hivi, testosteroni huzisaidia kupenya kinena na kuingia katika mfuko. Zinaposhuka hukimbia joto, kwa sababu mbegu hazitengenezwi vema katika joto la tumboni. Hutaka mahali pa baridi kidogo, pungufu kwa nyuzi mbili au tatu.

Sasa fanya hesabu, ndugu msomaji, kama nilivyoifanya mimi mbele ya daktari yule. Mtoto aliyezaliwa katika juma la 33 ametolewa tumboni safari ingali ikiendelea. Katika watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa wakati, watatu hivi huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijashuka. Kwa watoto njiti, idadi hiyo yaweza kufika hata 30. Wengi wao hujikamilishia wenyewe katika miezi michache ya kwanza, kwani baada ya kuzaliwa testosteroni hupanda tena kwa muda mfupi. Isiposhuka katika miezi sita, ikihesabiwa tangu siku ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa, ni nadra kushuka yenyewe.

“Na senene?” nilimwuliza. Nilikuwa nimeapa kutouliza.

Daktari alicheka mpaka mtoto akashtuka. “Senene wa watu hawana hatia,” alisema. Kisha akawa makini, akamgeukia mke wangu, akamwambia kwamba hakuna chakula alichokula kilichofanya hivi, wala ugomvi, wala neno la mtu. Mke wangu aliitikia kwa kichwa tu. Tulipofika nje alikaa juu ya ukuta mfupi wa maua, akalia kwa muda. Nilisimama kando yake nikiwa nimembeba mtoto. Sikuwa na la kusema, kwa maana miezi kumi na mmoja nilikuwa nayo ya kusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili, na nimeona kwamba korodani iliyokwama ni tawi dogo la mti mkubwa. Wako watoto ambao korodani zao hutoa testosteroni ya kutosha, bali seli za mwili haziisikii. Hao huzaliwa na umbo la nje la kike ingawa wana kromosomu Y. Katika kijiji cha Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, watafiti walieleza mwaka 1974 habari za watoto waliokosa uwezo wa kuibadilisha testosteroni kuwa ile homoni yenye nguvu zaidi. Wengi wao walizaliwa wakidhaniwa wasichana, wakalelewa hivyo, na walipobalehe sauti zao zikawa nzito na miili ikawa ya kiume.

Usidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Jirani zetu wa Kenya walipohesabu watu mwaka 2019 waliweka nafasi ya watu wenye jinsi tata, na watu 1,524 wakahesabiwa hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa uamuzi juu ya shauri la mtoto ambaye, katika karatasi zake za hospitali, mahali pa kuandikwa mvulana au msichana paliwekwa alama ya kuuliza. Nimefikiri sana juu ya alama hiyo ya kuuliza. Mtoto wangu alikosa kitu kidogo tu katika safari yake, na ukoo mzima ulitafuta wa kulaumiwa. Mama wa mtoto yule aliulizwa nini, na shangazi wangapi?

Upasuaji ulifanyika Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, mtoto akiwa na miezi kumi na minne. Tulivuka ziwa usiku kwa meli ya Viktoria. Mke wangu hakulala. Nami nilijifanya nimelala. Daktari wa upasuaji alitueleza mapema kwamba ataishusha korodani na kuishona mahali pake, na kwamba inafaa kazi hiyo ifanyike kati ya miezi sita na kumi na minane, kwani kila inavyokaa juu ndivyo inavyozidi kupoteza uwezo wa kutengeneza mbegu, na hatari ya saratani ukubwani huongezeka. Nilimwuliza kama tulichelewa. Alisema hatukuchelewa sana. Neno hilo “sana” silisahau, wala sikulalamika, kwa kuwa nilistahili kulisikia.

Mtoto alitolewa chumba cha upasuaji kabla ya saa sita mchana. Kesho yake alikuwa akitaka kutembea.

Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga wa kiume, mchunguze unapomwogesha, maji yakiwa ya uvuguvugu na mikono yako ikiwa na joto. Penye baridi, kama kule kwetu milimani, korodani nzima kabisa hupanda juu kwa muda, na hiyo si ugonjwa. Ikiwa hata katika maji ya moto huipati, mwambie mhudumu wa kliniki, mtajie jambo lenyewe kwa jina lake, wala usione haya. Akikwambia ungoje mpaka shule, mshukuru, kisha uende kwa mwingine. Na kwa baba mwenzangu: uende mwenyewe.

Novemba iliyofuata tulikwenda Kamachumu. Usiku senene walianguka kwa wingi mpaka taa za kijiji kizima zikawa kama zina mvua. Asubuhi mke wangu aliwachambua, akawakaanga kwa kitunguu, akapakua sahani moja akaiweka mbele ya shangazi, kwa magoti, kwa heshima zote. Shangazi alimtazama mtoto aliyekuwa akimfukuza kuku uani bila suruali. Alitazama kwa makini kabisa, upande wa kushoto na upande wa kulia.

“Umetia chumvi kidogo,” alisema, akanyosha mkono tena.